Chini ya Kumi na Mbili

Barua ya Mwalimu Aoife ilifika Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, Jumatatu moja ya mwezi wa tano, mwaka 2014, na mimi ndiye niliyeisoma mbele ya kamati. Niliisoma kwa sauti, niliisoma baada ya maombi, na niliisoma vibaya.

Jina la mwalimu huyo nililipenda tangu siku ya kwanza. Lina herufi tano, A-o-i-f-e, lakini linatamkwa Ifa tu. Nilipoliona limeandikwa ubaoni nilimshukuru Mungu, kwa sababu nilijua kwamba hata Wazungu wenyewe wanateswa na herufi zao. Alikuwa binti wa Ireland aliyefundisha kambini mwaka mmoja. Alipohamia shule moja ya Area 49, kule Lilongwe, alituachia filimbi, mipira miwili, na mchezo wa kwao. Ni mpira unaoshikwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu. Ukienda nao hatua nne ni lazima uudundishe chini, au uupige kidogo kwa mguu urudi mikononi. Magoli yake yamesimama kama herufi H: mpira ukipita chini ya mti wa kati ni pointi tatu, ukipita juu yake ni pointi moja. Watoto waliushika mchezo ule upesi kuliko Baba Yetu.

Mimi naitwa Télesphore, lakini kambini ni Papa Maombi, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Ni fundi wa nguo kutoka Bukavu. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa wakati huo, au hamsini na mmoja, inategemea unaamini karatasi ipi. Mpaka miaka miwili kabla ya barua hiyo nilikuwa natia sahihi kwa kidole gumba. Ndipo nilipoingia masomo ya jioni ya Mwalimu Ntirampeba, Mrundi mwenye subira, na kukaa kwenye dawati la watoto huku magoti yangu yakigusa kidevu. Nilijifunza kusoma Kiswahili, kisha nikaanza Kiingereza. Kila somo nililianza kwa sala, na nyingine nilizisema katikati, tulipofika kwenye vitenzi.

Prezida wa kamati yetu ya michezo alikuwa Hubert, aliyewahi kuongoza shule ya sekondari Bukavu. Kifaransa chake kilimetameta kama kiatu cha Jumapili, ila Kiingereza hakujua, na hakutaka kukaa darasani na watu wanaoanzia kwenye *this is a pen*. Kwa hiyo karatasi za Kiingereza zililetwa kwangu, na pamoja nazo nilipewa daftari la katibu, lenye jalada jekundu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mke wangu aliliweka juu ya kabati, kando ya Biblia. Wageni walipoingia nyumbani aliwaambia, "Ile ni kaye ya bwana yangu." Sijawahi kumiliki kitu kilichonipa adabu kama daftari lile. Nilitembea nalo hata nilipokuwa sina la kuandika.

Basi siku hiyo tulikaa wanne: Hubert, mimi, Yakubu wa Kindu, muuza viatu ambaye ndiye kocha, na Mama Safi, jirani yangu, mtunza chakula na maji.

"Sekretere, Mwalimu anasema nini?" Hubert akauliza.

"Anatualika, Prezida. Samedi ya wiki hii, Area 49. Kutakuwa sisi, kutakuwa timu ya Chinsapo, kutakuwa shule yake. Anasema *youth*. Ni vijana."

Hapo hakukuwa na tatizo, maana Samedi ni Jumamosi, na neno vijana tunalijua. Katika kanisa letu mwenyekiti wa vijana alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na alikuwa amegombea tena.

"Na hapa," nikaendelea, nikiweka kidole chini ya maneno, "anasema *Under 12*. *Under* ni chini. Chini ya kumi na mbili."

"Kumi na mbili nini?" Mama Safi akauliza.

Namwomba Mungu anisamehe, kwa sababu lile lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa mwaka ule, nami nilitabasamu kama mtu anayemsaidia mtoto kuvuka barabara.

"Bantu, Mama Safi. Bachezaji. Wasifike kumi na mbili."

"Basi ni kumi na moya," Yakubu akasema. "Kama mupira ya kila siku. Ni muzuri, mi naleta kumi na moya ya nguvu."

Najitetea kidogo. Kiswahili kizuri, kile cha Biblia, kingenionya. Kingesema watu kumi na wawili, au miaka kumi na miwili, na ningejua. Lakini Kiingereza kinasema *twelve* na kunyamaza, na Kiswahili chetu cha Bukavu nacho kinasema kumi na mbili kwa kila kitu, watu, miaka na ndizi. Nikaandika daftarini: *Wachezaji 11. Wasizidi.* Nikapiga mstari chini.

Yakubu alileta kumi na mmoja wa nguvu kweli. Wa kwanza alikuwa Lucien, mbeba saruji, ambaye mke wake alikuwa mjamzito wa miezi saba. Wa pili alikuwa Amissi, miaka kumi na saba, mwenye masharubu aliyokuwa akiyachana. Wengine tisa walikuwa wa kimo hicho hicho. Watoto ambao Mwalimu Aoife alikuwa amewafundisha mchezo huo kila alasiri, wale waliojua kudundisha mpira bila kuutazama, waliambiwa wabebe maji.

Benedicte alinifuata hadi kwenye cherehani yangu. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja kwa hesabu ya mama yake, mwembamba, mwenye ulimi.

"Papa Maombi, Mwalimu Ifa alisema mchezo ni yetu."

"Barua njo inasema, Benedicte. Si mimi."

"Barua inasema Lucien?"

"Inasema chini ya kumi na mbili."

"Lucien iko juu ya kumi na mbili," akasema, akaenda zake. Nilidhani hajui hesabu.

Siku ya Jumatano asubuhi nilikuwa nakunja suruali mlangoni pangu wakati Mama Safi alipopita na mtoto wake wa mwisho mgongoni.

"Unatoka wapi na jua hii, Mama Safi?"

"Natoka ku *under-five*, ku kliniki. Nilienda kupimisha mutoto kilo."

Nilicheka. Sikukusudia kumdharau, nilicheka kwa ujirani. "Mama Safi, we uko na batoto saba. Walikuacha namna gani uingie?"

"Saba iko na shida gani?"

"*Under-five*, Mama. Chini ya tano. Ni kliniki ya bamama ya batoto kidogo. Mi na muke yangu tuko na bane, njo maana walitupokea."

Mama Safi alimshusha mtoto mgongoni taratibu, kama mtu anayetaka mikono yote miwili iwe huru.

"Papa Maombi. Ile tano ni myaka. Mutoto mwenye hajafikisha myaka tano. Hata ukizaa ishirini, utaenda."

"Myaka?"

"Myaka. Ulifikiri nini?"

Nilikuwa nimefikiri, kwa miaka mitano mizima, kwamba serikali ilikuwa inawaadhibu wenye familia kubwa. Nilikuwa nimewaombea akina mama hao kanisani, tena kwa kuwataja. Siku moja nilimpa mama mmoja wa watoto sita kitambaa bure kwa huruma, naye akakipokea bila kuelewa.

Mama Safi alikuwa bado ananitazama, na niliona mawazo yake yanatembea kuelekea mahali ambapo yangu yalikuwa yamekwisha kufika.

"Na ile ya mupira?" akauliza polepole. "*Under* kumi na mbili?"

Suruali ilinianguka mkononi.

Niliingia ndani nikapiga magoti. Naeleza niliyoyaomba kama yalivyokuwa, ingawa si ya kujivunia. Sikuomba ujasiri wa kukiri. Nilimwomba Mungu, kwa kuwa hakuna lisilowezekana kwake, abadilishe maana ya neno lile kwa Wazungu wote kabla ya Jumamosi. Nikasubiri. Nikafungua barua tena na kuisoma yote, neno kwa neno, kidole kikitembea. Katikati ya ukurasa wa pili, ambao sikuwa nimeufikia siku ya kamati kwa sababu muda ulikwisha, kulikuwa na neno *age*, umri, na mwaka, na tarehe. Mungu alikuwa amejibu, kwa kuacha maana pale ilipokuwa.

Nikachukua daftari, nikaenda kwa Hubert.

Alinisikiliza bila kupepesa. Kisha akavua miwani. "Donc," akasema, "tunapeleka Lucien. Lucien wa mimba ya myezi saba. Kucheza na batoto ya myaka kumi na moya."

"Mimba ni ya bibi yake, Prezida."

"Najua mimba ni ya nani, Télesphore." Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. "Nani mwingine anajua?"

"Mama Safi."

"Basi kambi yote inajua." Aliisogeza miwani mezani huku na huku. "Nilisema mu komite: tumpe Papa Maombi, anajifunza. Bantu walisema, mutu alianza kusoma na mvi, atasoma nini. Mi nilikutetea. Sasa sikia. Nakuachia kaye mpaka Samedi. Kosa ingine moya tu, kaye inaenda kwa Christian."

Christian alikuwa kijana wa kidato cha tatu aliyesoma Kiingereza kama maji yanavyotoka bombani. Sikuwa na neno baya juu yake. Lakini nilipofikiria kalamu yenye uzi ikining'inia kwenye daftari lililo mkononi mwake, na mimi nikirudi kwenye kile kisanduku cha wino cha kidole gumba, nililibana daftari kwapani.

Alhamisi tuliwapanga upya. Yakubu aliwasimamisha watoto arobaini mstari mmoja uwanjani, akatangaza kwamba yeye hahitaji karatasi.

"Kila mutu apitishe mukono juu ya kichwa," akaamuru, "ashike sikio ya ngambo."

Kwetu ndivyo walivyojua zamani kama mtoto amefikia kuingia darasa la kwanza. Watoto wote arobaini walishika sikio. Lucien, aliyekuwa amekuja kutazama, akashika lake pia.

"Inamaanisha nini?" Hubert akauliza.

"Inamaanisha bote banaweza kuanza masomo," Yakubu akakiri. Halafu akataka kuwatazama meno, kama anavyonunua mbuzi wa Idi, na Mama Safi akamfukuza kwa mwiko.

Tukarudi kwenye karatasi za familia, zile za ofisi. Hapo ndipo shida nyingine ilipokaa ikitusubiri. Tulipofika kambini, mtu asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa aliulizwa mwaka tu, na ofisi ikamwandikia tarehe mosi Januari. Karibu sote tulikuja bila vyeti. Ukisikiliza karatasi, sisi wa Dzaleka tulizaliwa siku moja, na mama zetu walipata tabu sana siku hiyo. Mimi mwenyewe ni wa mosi Januari, mke wangu pia, na watoto wetu wote wanne.

Tulihesabu kwa mwaka, kuanzia 2002, na tulipata kumi na mmoja. Wawili walikuwa wa 2003. Tisa, pamoja na Benedicte, walikuwa wa 1 Januari 2002. Mmoja wa hao tisa alikuwa Noël.

Noël alikuwa mchezaji wetu. Mpira ulimfuata kama mbwa anavyomfuata mwenye chakula. Nilipolifikia jina lake kalamu yangu ilisimama. Mama yake aliimba katika kwaya yetu kule Bukavu, na nilikuwapo katika ibada ya Krismasi ya mwaka 2001, alipotoka katikati ya wimbo akishikwa mikono na wanawake wawili, na mtoto akalia kabla ya mahubiri kwisha. Wiki tatu baadaye volkano ililipuka Goma. Watu waliokuja kulala kanisani kwetu na viatu vilivyoungua walimkuta mtoto yupo tayari, kwenye taulo la bluu. Kila mtu aliyekuwapo alijua kwa nini aliitwa hivyo.

Lakini karatasi ilisema 1 Januari 2002. Nikaandika kilichoandikwa. Nilijiambia kwamba katibu ni mtu wa kunakili.

Jumamosi tulipanda pikapu ya kanisa asubuhi, na ruhusa zetu za kutoka kambini zikiwa mfukoni mwa Hubert. Lucien na Amissi walikaa nyuma kabisa na madumu. Sasa wao ndio waliobeba maji, na Benedicte aliwakumbusha jambo hilo kila tulipopita nyumba ya mtu.

"Baba Lucien, shika dumu muzuri, tutasikia kiu."

"Nyamaza, we mutoto."

"Njo maana niko hapa. Juu mi ni mutoto."

Uwanja wa Area 49 ulikuwa na majani, ya kweli, na watoto wetu walivua viatu wayaguse. Mwalimu Aoife alitukumbatia. Kisha kocha wa timu ya shule yake, Bwana Chimwala, Mmalawi mrefu mwenye kofia ya jua, akaomba orodha. Nikampa nakala, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Aliisoma kwa utulivu, akaanza tena juu.

"Samahani, bambo," akaniambia kwa Kiingereza cha polepole, kwa wema. "Hawa tisa wamezaliwa siku moja. Mama yao ni mmoja?"

Benedicte, anayesoma shule na kujua Chichewa na Kiingereza kuliko kamati nzima, akamjibu kabla yangu. "Ni mmoja, Bwana. Anaitwa Ofisi."

Bwana Chimwala alicheka kwa moyo. Alipomaliza, akasema, "Lakini kuna tatizo. Mwaka huu, siku ya Januari mosi, hawa tisa walitimiza miaka kumi na miwili. Mtu mwenye kumi na miwili hayuko chini ya kumi na miwili."

Mwalimu Aoife alijishika kichwa. Alihesabu kwa vidole, akaangalia juu, akahesabu tena. "Nafikiri yuko sahihi," akasema. "Sikufikiria siku yenyewe. Nani anazaliwa siku yenyewe?"

Tulitazamana. Tulizaliwa sote.

Hubert hakuelewa Kiingereza, lakini nyuso alizielewa. Akaja karibu nami. "Sekretere, ni nini tena?"

Nikamwambia. Alitazama daftari kwapani pangu tu, na mimi nikalibana zaidi.

Nilimwomba Mungu anipe muda, hiyo tu, kwa sababu mimi si mtu wa kusoma haraka. Nikatoa barua. Nikaomba nisome mbele yao. Bwana Chimwala akasema kwamba wote wanajua ilivyoandikwa, naye Mwalimu Aoife akasema aliiandika yeye. Nikasema najua, ila naomba. Nikaweka kidole kwenye ukurasa wa pili na kuanza kutembea, neno, neno, neno, na watoto wa timu tatu wakasimama kimya kama kwenye mazishi. Mchezaji. Asiwe. Amefikisha. Umri. Wa miaka. Kumi na miwili. Hapo kidole kikafika kwenye neno dogo ambalo kila mtu alikuwa amelirukia.

"*Before*," nikasema. "Imeandikwa *before* Januari mosi. *Before* ni kabla. Mwalimu Ntirampeba alitufundisha mwezi wa tatu. Hawa hawakufikisha kabla. Walifikisha siku yenyewe. Siku yenyewe si kabla."

Bwana Chimwala alichukua barua. Aliisoma mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu kwa kidole, kama mimi. Kisha akavua kofia. "Zikomo, bambo," akasema. "Uko sahihi. Tisa wote wanacheza."

Mwalimu Aoife alicheka hadi akakaa chini. "Niliiandika mwenyewe," akarudia, "na sikujua nimeandika nini."

Yakubu alinipiga mgongoni kiasi cha kunikohoza. Hubert alinyoosha tai yake. Nilisikia utamu, ule wa mtu aliyeketi miaka miwili na magoti kidevuni, na nikajua daftari limebaki.

Bwana Chimwala alikuwa anatia tiki kwenye majina, akiyatamka kwa sauti, na yalimfurahisha. "Benedicte. Furaha. Noël." Akatabasamu. "Noël ni Krismasi, sivyo? Kwa Kifaransa. Jina zuri."

Hakuwa na nia mbaya. Aliuliza kama unavyomuuliza mtu habari za safari.

"Ni jina ya babu yake," Yakubu akasema haraka kwa Kiswahili, na hakuna aliyemtafsiria. Kisha akaninong'oneza, "Karatasi inasema Januari. We ni mutu wa kusoma, Papa Maombi. Soma karatasi, basi."

Ingekuwa rahisi. Karatasi ilikuwa hapo, muhuri wake hapo, mwandiko wangu hapo. Lakini nilikuwa nimetoka kulisimamisha neno *before* katikati ya uwanja mbele ya watu wote, nalo lilikuwa bado limesimama, limegeuka, linanitazama mimi. Na kama ningesema sasa, ningekuwa nakiri kosa la pili, lile Hubert alilolitaja, lililo katika mwandiko wangu, tena nililoandika nikijua. Nilisema Baba Yetu yote kimoyomoyo. Nilipofika kwenye majaribu nikarudia hapo mara mbili.

"Bwana Chimwala," nikasema. "Ni Krismasi kweli. Mtoto huyu alizaliwa Krismasi ya 2001. Nilikuwa kanisani. Mama yake aliimba sauti ya pili, na wimbo uliendelea bila sauti ya pili. Orodha niliandika mimi, na nilijua. Ni kabla. Ni kabla kwa siku saba."

Yakubu alikaa kwenye dumu. Noël, aliyekuwa tayari amevaa jezi, akaja mbele yangu.

"Papa Maombi, siku saba tu."

"Saba, mwanangu."

"Hata Mungu alipumzika siku ya saba."

Mwalimu Aoife ndiye aliyetuokoa. Alichukua bendera mbili kutoka mfukoni, nyeupe na ya kijani, akampa Noël, akamweka nyuma ya goli. Katika mchezo wao husimama mtu pale: goli la chini anainua kijani, pointi ya juu anainua nyeupe, na neno lake ni la mwisho. Noël alizishika kwa hasira, lakini alizishika.

Tulicheza watoto kumi. Bwana Chimwala, bila kuambiwa na mtu, akamtoa mmoja wa kwake ili wawe kumi na kumi. Chinsapo nao wakafanya hivyo. Chinsapo tuliwafunga, na Benedicte peke yake alipata pointi nne. Alikuwa anapita chini ya mikono ya watu. Mwisho tukakutana na Area 49, na mpaka dakika ya mwisho tulikuwa sawa, pointi kumi kwa kumi.

Mtoto wao mmoja alipiga mpira kutoka mbali. Ulipanda juu sana, ukapita kwenye ncha ya mlingoti, ndani au nje hakuna aliyeweza kusema. Watu wao walishangilia. Watu wetu, na sauti ya Lucien juu ya zote, walisema nje. Sote tukageuka kumtazama Noël, ambaye ndiye pekee aliyekuwa chini ya mlingoti ule.

Noël alinitazama mimi. Nilitazama viatu vyangu, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumgharimu vya kutosha na sikutaka uso wangu umwambie kitu. Nilipoinua macho, bendera nyeupe ilikuwa juu.

Tulishindwa kwa pointi moja.

Tulirudi jua likiwa bado lipo. Ndani ya pikapu Yakubu alinipa mgongo mpaka tulipoacha lami. Hapo akasema, "Kwetu Kindu, mutu kama wewe tunamuweka imamu. Kocha hapana, imamu." Nadhani lilikuwa tusi, ila lilimtoka vibaya.

Tuliposhuka Hubert alinyoosha mkono. "Kaye."

Nikampa. Sikumlaumu. Alisimama kando ya gari, akafungua kurasa, akapita pale nilipoandika *Wachezaji 11. Wasizidi.* na mstari wangu chini yake, akafika kwenye orodha ya Alhamisi. Nilikuwa nimefuta jina la Noël kwa mstari mmoja na kuandika pembeni, kwa Kiswahili: *Kabla, siku 7.* Alivuta kalamu kwenye uzi wake. Akaandika chini ya ukurasa kwa mwandiko wa mkuu wa shule, *Lu et approuvé*, akatia sahihi ndefu yenye mikia miwili, akanirudishia.

"Inamaanisha nini, Prezida?"

"Imesomwa, imekubaliwa." Alifunga kifungo cha koti. "Christian anasoma mbio. Mutu wa mbio hawezi kuona neno ndogo. Mwaka kesho njo itakuwa chini ya kumi na ine, ya myaka, Papa Maombi, na Noël atakuwa ndani. Uanze kusoma barua sasa."

Jumatatu nilikuwa kwenye cherehani Mama Safi alipokuja na chupa ya dawa ya kikohozi ya mtoto, aliyopewa tangu wiki iliyopita. Nyuma yake walikuwa wanawake wengine wawili, mmoja na barua, mwingine na kopo la dawa ya kuulia panya.

"Nisomee hii," akasema. "We unasoma mpaka maneno ya kidogo."

Nikafuta mikono. Nikaweka kidole. Kijiko kimoja, mara tatu kwa siku, na baada ya hapo lilikuja neno, na nikalitambua kama unavyomtambua mtu wa kwenu stendi ya Old Town, kule Lilongwe.

"Kabla ya chakula," nikamwambia.

Mama Safi alitazama chupa, akanitazama mimi, akatazama chupa tena.

"Mi nampaka nayo kifuani," akasema.